Frederick Delius: Mtunzi Mwingereza na deni la wimbo usio na jina

NI nadra jina la Frederick Delius kutajwa mjini Lodwar au katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mtunzi huyu wa muziki, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1934, hakuwahi kuishi Afrika Mashariki, na kazi zake ziliandikiwa okestra kubwa za Ulaya.

Hata hivyo, maisha yake yanagusa jambo ambalo wenyeji wa Turkana, na wakimbizi wanaoishi pamoja nao, wana kila sababu ya kulitafakari. Wimbo unapotoka kinywani mwa mtu asiyejulikana na kuingia katika kazi ya mtu mashuhuri, mwenye wimbo hubaki na nini?

Delius aliacha majibu mawili yanayopingana. Katika kazi moja, waimbaji waliomfungua masikio hawakutajwa. Katika nyingine, mwimbaji alijulikana kwa jina na hata akaalikwa ukumbini. Tofauti hiyo ni sehemu ya urithi wake inayostahili kuzingatiwa na yeyote anayerekodi nyimbo za watu wengine.

Mwana wa mfanyabiashara wa sufu

Delius alizaliwa tarehe 29 Januari 1862 mjini Bradford, katika eneo la Yorkshire, Uingereza. Alibatizwa Fritz Theodor Albert, na alianza kutumia jina la Frederick akiwa mtu mzima. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliotoka Bielefeld, na baba yake, Julius, alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyetaka mwanawe airithi biashara hiyo.

Muziki ulipendwa nyumbani, lakini kwa Julius ulikuwa burudani, wala si kazi ya kumlisha mtu. Kijana alitumwa Ujerumani, Sweden na Ufaransa kwa shughuli za sufu, na kila alikokwenda alitumia muda mwingi kusikiliza muziki kuliko kuuza bidhaa.

Mnamo mwaka 1884 ilionekana afadhali apelekwe mbali zaidi. Alivuka bahari hadi jimbo la Florida, Marekani, kusimamia shamba la michungwa liitwalo Solano Grove, kandokando ya mto St. Johns, si mbali na mji wa Jacksonville.

Kama shamba, Solano Grove halikumletea faida. Kama shule, lilimfaa kuliko nyingine zote. Thomas Ward, mpiga kinanda wa kanisa aliyekutana naye Jacksonville, alimfundisha kanuni za kupatanisha sauti. Na usiku, akiwa ameketi barazani, Delius alisikia wafanyakazi weusi wakiimba ng'ambo ya giza, sauti zao zikipokezana na kupandana juu ya maji.

Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, miaka 19 tu kabla ya Delius kufika. Baadhi ya waliokuwa wakiimba bila shaka walizaliwa chini ya utumwa, au walilelewa na wazazi waliouonja. Uzeeni, Delius alieleza kwamba ni pale, akisikiliza nyimbo hizo, ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza haja ya kujieleza kwa muziki.

Kutoka Leipzig hadi Grez

Baada ya Florida alifundisha muziki kwa muda mjini Danville, Virginia. Mwaka 1886 baba yake alikubali kumlipia masomo katika chuo cha muziki cha Leipzig, Ujerumani. Huko alifahamiana na Edvard Grieg, mtunzi mashuhuri wa Norway, ambaye baadaye alimwombea kwa Julius aendelee kumsaidia kijana huyo kwa fedha.

Kazi yake ya kwanza muhimu kwa okestra, Florida Suite, aliiandika mwaka 1887 na ikapigwa Leipzig mwaka uliofuata mbele ya wasikilizaji wachache mno. Inasimuliwa kwamba wapigaji walilipwa kwa bia.

Mwaka 1888 alihamia Paris, akajenga urafiki na wasanii kama vile mchoraji Paul Gauguin, mchoraji Edvard Munch na mwandishi August Strindberg. Mwaka 1897 alihamia kijiji cha Grez-sur-Loing, kusini mwa Paris, alikoishi na mchoraji Jelka Rosen. Walioana mwaka 1903, na nyumba hiyo, yenye bustani iliyoteremka hadi mtoni, ikawa makao yake hadi kufa.

Kwa sababu hiyo si rahisi kumwita Delius Mwingereza bila ya maelezo. Alizaliwa Uingereza na wazazi Wajerumani, akafunguliwa masikio na Wamarekani weusi, akashauriwa na Mnorwe, na akaishi Ufaransa zaidi ya miaka 40.

Muziki wa nuru na kivuli

Wataalamu wengi humweka Delius katika kundi la watunzi wa mtindo wa impreshenizimu. Neno hilo lilianzia kwa wachoraji wa Ufaransa. Mwaka 1874 Claude Monet alionyesha picha ya jua likichomoza bandarini, na mhakiki mmoja akalitumia jina la picha hiyo kuwadhihaki wachoraji wenzake. Dhihaka ikageuka kuwa jina la heshima.

Wachoraji hao hawakujali sana mistari ya kitu kama walivyojali mwanga unaokiangukia. Katika muziki, jina hilo lilipewa kwanza Claude Debussy, Mfaransa ambaye mwenyewe hakulipenda. Lilikuwa na maana ya muziki unaojenga hali, kama vile ukungu, maji au jioni, badala ya kusimulia kisa hatua kwa hatua.

Kwa Delius, siri ilikuwa katika sauti zinazosikika kwa pamoja. Lahani inaweza kurudiwa ile ile mara kadhaa, lakini sauti zilizo chini yake husogea kidogo kidogo, kila hatua ikibadilisha rangi ya wimbo, mithili ya mlima mmoja unaotazamwa asubuhi, adhuhuri na magharibi. Mfano unaofahamika zaidi ni On Hearing the First Cuckoo in Spring ya mwaka 1912, kipande kifupi cha okestra ndogo ambamo mlio wa ndege hupita taratibu bila ya kuvuruga utulivu.

Koanga, mwana wa mfalme wa Afrika

Deni la Florida linaonekana wazi katika kazi mbili. Ya kwanza ni opera iitwayo Koanga, aliyoiandika kati ya mwaka 1895 na 1897 kutokana na riwaya ya Mmarekani George Washington Cable. Mhusika mkuu ni mwana wa mfalme wa Afrika aliyeuzwa utumwani katika shamba la miwa la Louisiana, ambaye anakataa kumpigia magoti bwana wake.

Opera hiyo ilionyeshwa kikamilifu kwa mara ya kwanza Elberfeld, Ujerumani, mwaka 1904. London iliiona mwaka 1935, mtunzi akiwa tayari kaburini, na Marekani, ambako kisa chenyewe kinatokea, iliiona mwaka 1970 mjini Washington. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la pekee kumweka Mwafrika katikati ya jukwaa la opera akiwa shujaa wa kisa.

Ya pili ni Appalachia, iliyopata sura yake ya mwisho mwaka 1902. Delius alichukua lahani moja na kuigeuza kwa namna nyingi, kisha mwishoni kwaya inaingia na kuuimba wimbo wenyewe. Maelezo yaliyo chini ya jina la kazi hiyo yanasema kuwa ni mageuzi ya wimbo wa kale wa watumwa.

Ni maelezo ya kweli, na hapo ndipo penye dosari. Msomaji anaarifiwa kwamba wimbo ulitoka kwa watumwa, lakini haarifiwi ni nani aliyeuimba, wala aliimba wapi na lini. Hakuna jina la mwimbaji katika kichwa cha kazi. Watu waliompa Delius mwanzo wa safari yake waliingia katika historia ya muziki kama kundi, si kama watu.

Joseph Taylor aitwa ukumbini

Miaka michache baadaye mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1905 mtunzi Percy Grainger, mzaliwa wa Australia, alikwenda Brigg, mji mdogo wa Lincolnshire, Uingereza, kusikiliza nyimbo za wazee wa vijijini. Mmoja wao alikuwa Joseph Taylor, msimamizi wa shamba la tajiri, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na sauti iliyokuwa bado nyororo.

Grainger aliandika nota za wimbo alioimba Taylor, pamoja na jina lake, mahali na mwaka. Alirudi tena akiwa na fonografu, chombo cha kunasa sauti ambacho wakati huo kilikuwa kigeni. Mwaka 1908 kampuni ya Gramophone ya London ilitoa sahani za santuri zenye sauti ya mzee huyo.

Delius aliusikia wimbo kupitia kwa Grainger, akaupenda, na mwaka 1907 akautumia kuandika Brigg Fair, mojawapo ya kazi zake zinazopigwa mara nyingi zaidi. Ilipopigwa London, Taylor alialikwa. Inasimuliwa kwamba aliposikia lahani yake ikitoka kwenye okestra, alianza kuimba pamoja nayo.

Ni mtunzi yule yule, na namna yake ya kugeuza lahani ni ile ile aliyoitumia katika Appalachia. Sehemu ya tofauti ilitokana na ubaguzi wa zama hizo, ambao haukuwahesabu wafanyakazi weusi wa Florida kuwa wasanii. Sehemu nyingine ilitokana na jambo dogo mno: Brigg palikuwa na mtu mwenye daftari aliyeliona jina la mwimbaji kuwa sehemu ya wimbo.

Mtunzi asiyeweza kuandika

Katika miaka ya 1920 Delius alipooza na kuwa kipofu kutokana na kaswende aliyoambukizwa ujanani. Muziki uliendelea kichwani mwake, lakini hakuweza tena kushika kalamu.

Mwaka 1928 kijana wa Yorkshire aitwaye Eric Fenby, mwenye umri wa miaka 22, alimwandikia barua akijitolea kuwa mwandishi wake. Jaribio la kwanza lilivunja moyo. Mzee aliimba kwa sauti isiyo na lahani, na kijana hakuelewa ni nota gani. Taratibu wakabuni utaratibu: Delius alitaja nota, chombo na kipimo cha muda, na Fenby akaandika mstari kwa mstari.

Kwa njia hiyo zilikamilika kazi kadhaa, miongoni mwazo A Song of Summer na Songs of Farewell. Fenby alikaa naye, kwa vipindi, hadi mwaka 1934, na mwaka 1936 akachapisha kitabu kuhusu miaka hiyo. Mwaka 1968 mwongozaji Ken Russell alitengeneza filamu ya televisheni ya BBC kutokana na kisa hicho.

Hapa maisha yanampa Delius nafasi isiyotarajiwa. Mwisho wa safari alijikuta katika hali ya wale waimbaji wa mtoni: mtu mwenye wimbo kifuani asiye na uwezo wa kuutia katika karatasi. Alichopata, na ambacho wao hawakupata, ni mwandishi mwaminifu aliyeuandika wimbo na kuuacha uitwe kwa jina la mwenyewe.

Urithi baada ya kifo

Delius alifariki Grez tarehe 10 Juni 1934. Mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa Limpsfield, katika eneo la Surrey, na Jelka akafariki siku chache baada ya mazishi hayo. Mali yao ndiyo iliyoanzisha mfuko wa Delius mwaka 1935, wenye jukumu la kuendeleza muziki wake.

Aliyeutangaza muziki huo kuliko mwingine yeyote ni mwongozaji wa okestra Thomas Beecham, ambaye mwaka 1929 aliandaa tamasha la siku kadhaa London. Delius alihudhuria akiwa katika kiti cha magurudumu. Nyumba yake ya Solano Grove nayo ilihamishwa mwaka 1961 hadi Chuo Kikuu cha Jacksonville, ambako imehifadhiwa.

Sheria ya Uingereza humlinda mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo. Kwa hiyo, hadi mwisho wa mwaka 2004, malipo ya kazi za Delius yaliendelea kuusaidia mfuko huo. Kwa wimbo wa watumwa hapakuwa na mfuko wala mrithi anayejulikana, kwa kuwa sheria ya hakimiliki humtafuta mtu mwenye jina.

Kisa cha Kenya mwaka 1963

Kenya nayo ina kisa chake. Jomo Kenyatta, ambaye kati ya mwaka 1959 na 1961 alizuiliwa Lodwar na serikali ya kikoloni, alikuwa waziri mkuu nchi ilipojitayarisha kwa uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Wimbo wa taifa ulikabidhiwa kwa watu watano: Graham Hyslop, mwalimu wa muziki mwenye asili ya Uingereza, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Lahani waliyoichagua ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa mto Tana wa kumbembeleza mtoto. Katika kisa hiki jina la aliyewapa wimbo halikupotea: ni Mzee Meza Moroa Galana. Kila wanafunzi wa Lodwar wanapoimba wimbo wa taifa, wanaimba lahani ambayo asili yake inaweza kutajwa kwa jina la mtu, kabila na mto.

Wimbo una mwenyewe

Waturkana hawahitaji kufundishwa na wageni kwamba wimbo una mwenyewe. Kijana mfugaji huchagua maksai ampendaye, huzielekeza pembe zake zikue kwa umbo analolitaka, humvisha kengele shingoni, na hujulikana kwa jina linalotokana na mnyama huyo. Humtungia wimbo. Katika ngoma ya edonga, watu wakirukaruka na kupiga makofi, mwenye maksai huanzisha na wengine huitikia. Wimbo ule hutambulika kuwa ni wake.

Takribani kilomita 120 kutoka Lodwar, Kakuma kuna desturi zinazofanana na hiyo. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo ni maelfu ya wavulana wa Sudan, wengi wao Wadinka, waliokuwa wamefukuzwa Ethiopia na vita mwaka uliotangulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu nyimbo za Wadinka, msomi Francis Mading Deng alieleza kwamba mtu anaweza kumwomba bingwa amtungie wimbo, na wimbo huo ukahesabiwa kuwa mali ya aliyeuomba.

Baadaye walifika Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo, kila jamii na nyimbo zake. Msanii wa Nairobi Octopizzo alishirikiana na vijana wa Kakuma na Dadaab katika albamu ya Refugeenius, na wasanii hao wakasikika kama wasanii, si kama kelele ya nyuma ya mtu mwingine. Lodwar nako, tamasha la Tobong'u Lore limewakutanisha Waturkana na jamaa zao Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia.

Leo simu moja ya mkononi inaweza kunasa wimbo wa edonga na kuufikisha Ulaya kabla ya ngoma kwisha. Ikiwa picha hiyo itaitwa tu "wimbo wa asili wa Turkana", historia ya Appalachia itakuwa imejirudia. Njia ya pili ilionyeshwa zamani: David na Judith MacDougall walipopiga filamu zao tatu miongoni mwa Waturkana mwaka 1973 na 1974, moja waliiita kwa jina la Lorang, mzee aliyekuwa mhusika wake mkuu.

Sheria inasemaje

Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa pale utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Inadai idhini ya jamii kabla ya matumizi, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kusajili sanaa hizo.

Kwa wimbo mpya wenye mtunzi anayejulikana, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Haimtambui raia peke yake, bali pia mtu ambaye makazi yake ya kawaida ni Kenya, jambo lenye uzito kwa mtunzi aliyeko Kakuma. Ulinzi huanza wimbo unapoandikwa au kunaswa, na anayeshika simu hageuki kuwa mtunzi kwa sababu ya kushika simu.

Lakini sheria zote hizo huanzia pale alipoanzia Grainger. Mwalimu wa kwaya, mwandishi wa habari, mtafiti au kijana mwenye simu anapaswa kuandika mambo machache: jina la mwimbaji, jina la mtunzi ikiwa si yeye, jamii na lugha, mahali, tarehe, na kama ruhusa ilitolewa na kwa matumizi gani.

Delius alikuwa na sikio la pekee, na muziki wake utaendelea kuwafariji watu. Waliomfunza kusikiliza kando ya mto St. Johns hawakuwa na upungufu wa kipaji, ila walikosa mtu wa kuliandika jina lao juu ya karatasi. Waimbaji wa kandokando ya mto Turkwel wasipewe hatima hiyo hiyo, ilhali kalamu ipo na sheria ipo.